Namna ya kuandaa maonesho ya michoro ya mabingwa wa kale wa Uholanzi na Flandria mjini Tabora

Hakuna jumba la makumbusho litakalokubali kuuleta Tabora mchoro wa asili wa Bruegel au wa Rembrandt, na anayepanga maonesho haya hana budi kuanzia hapo ili asipoteze miezi akiandika barua. Sababu si dharau wala si umbali peke yake. Karatasi na wino wa karne ya 16 na ya 17 huumizwa na mwanga, kiasi kwamba hata huko Amsterdam, Vienna na Berlin michoro hii hukaa gizani, ndani ya masanduku maalumu, kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Inapotolewa huoneshwa katika mwanga hafifu wa takriban lux 50, kwa miezi michache tu, kisha hurudishwa kupumzika. Joto na unyevu wa chumba navyo hupimwa mchana na usiku. Ukumbi wa Tabora unaofunguliwa madirisha tangu asubuhi ili watu wapate hewa, na ambao umeme wake hukatika bila taarifa, hauwezi kutimiza masharti hayo. Kinachowezekana, na kinachostahili kufanywa kwa uangalifu mkubwa, ni maonesho ya nakala zilizochapwa vizuri kwa ukubwa halisi wa michoro yenyewe.

Nakala si jambo la kuonea haya. Rembrandt, aliyezaliwa Leiden mwaka 1606 na kufariki Amsterdam mwaka 1669, hakuwahi kukanyaga Italia, lakini mnamo 1634 au 1635 aliichora kwa chaki nyekundu Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, akiwa ameijua kwa chapa tu, yaani picha iliyochapwa. Alianza kwa mistari myepesi, kisha akairudia kwa mkono mzito, akiwabadilisha mitume namna walivyokaa na walivyogeukiana. Mchoro huo uko katika jumba la Metropolitan mjini New York, na picha yake inapatikana bure. Nashauri uwe karibu na mlango, kwa sababu unajibu mapema swali ambalo afisa utamaduni, mkuu wa shule na mgeni wa kawaida wote watauliza, yaani kwa nini watu waitwe kutazama karatasi zilizotoka kwenye mashine.

Flandria inayotajwa hapa ni kaskazini ya Ubelgiji ya leo. Pande hizo mbili zilikuwa zikibadilishana mafundi muda wote, na Antwerp ilipoangukia mikononi mwa Wahispania mwaka 1585, wachoraji, wachapaji na wafanyabiashara wengi walihamia kaskazini, hasa Haarlem na Amsterdam, wakiwa na ujuzi wao. Kwa hiyo usitenge ukuta wa Waholanzi na ukuta wa watu wa Flandria. Wachanganye, na useme sababu kwenye bango la mlangoni kwa sentensi mbili, inatosha.

Kuchagua michoro

Michoro kumi na miwili inatosha kabisa. Mchoro haufanani na picha kubwa ya rangi inayoonekana tangu mlangoni. Unamtaka mtu asogee, asimame na kuusoma mstari kwa mstari, na mgeni aliyekwisha kusoma kumi na miwili kwa namna hiyo huwa amechoka. Wapangaji wengi huanza na majina makubwa. Ushauri wangu ni kuanza na macho ya watu wa hapa, yaani kuchagua michoro ambayo mkazi wa Tabora ana la kuisemea, hata kuikosoa, kabla mwongozaji hajafungua kinywa.

Ukifuata kanuni hiyo, wa kwanza hauna mjadala. Ni Warina Asali wa Pieter Bruegel Mkubwa, uliochorwa kwa kalamu na wino wa kahawia takriban mwaka 1568, muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1569, na unaohifadhiwa katika Kupferstichkabinett mjini Berlin. Watu watatu wamevaa majoho mazito yenye kofia, na mahali pa uso pana kifuniko cha mviringo kilichosukwa, hata hakuna jicho linaloonekana. Wanashughulika na mizinga ya majani makavu yaliyosukwa mfano wa kapu lililofudikizwa. Upande wa kulia kijana amekwea mti, ametupa mgongo, amevaa nguo za kawaida, wala haijulikani amefuata nini huko juu. Chini pameandikwa methali isemayo kwamba ajuaye kilipo kiota ana ujuzi, bali akitwaaye ndiye anacho. Mwaka huohuo wa 1568 Bruegel aliichora methali hiyo kwa rangi pia, katika picha ya mwizi wa kiota iliyoko Vienna.

Wapo wataalamu wanaouona mchoro huu kuwa fumbo la misukosuko ya dini na siasa iliyoitikisa Flandria miaka ya 1560, na bango linaweza kulitaja hilo kwa ufupi. Lakini mrina asali wa Sikonge au Urambo hataanzia hapo. Atauliza moshi uko wapi. Atauliza kwa nini mizinga inahangaikiwa chini ilhali yake huitundika mtini, na kwa nini watu wazima walio ardhini wamejifunika hivyo huku aliye juu ya mti hana hata kitambaa usoni. Kwa hesabu yake, kijana huyo ama ni mgeni wa kazi ama ni mwizi, na kwa kufikia hapo atakuwa ameikaribia ile methali bila kusomewa. Maswali hayo ni mali. Ukiweza, mwalike mrina asali mmoja au wawili siku moja kabla ya ufunguzi, wautazame mchoro kwa nafasi yao, nawe uandike wanayosema. Maneno yao, kwa ridhaa yao, yaingie kwenye maelezo ya ukutani. Mwombe mmoja akukopeshe mzinga wa gome uuweke sakafuni chini ya mchoro. Uwe mtupu na umekwanguliwa vizuri, maana harufu ya nta huwaita nyuki hata ndani ya ukumbi, na hilo si tukio la kumtakia mgeni rasmi.

Wa pili ni ndovu wa Rembrandt, wa mwaka 1637, kwa chaki nyeusi, ulioko Albertina mjini Vienna. Katika mji uliokua juu ya njia ya misafara ya pembe, watu wamesikia mengi juu ya mnyama huyu, na wengi wa vijana hawajamwona ila kwenye noti na televisheni. Anayedhaniwa kuchorwa hapa ni Hansken, ndovu jike aliyetoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, akafikishwa Uholanzi mwaka 1633, akazungushwa Ulaya kuoneshwa kwa malipo hadi alipokufa Florence mwaka 1655. Wanafunzi waulizwe tofauti yake na ndovu wa kwetu kabla ya kuambiwa: masikio ni madogo, mgongo umeinuka badala ya kubonyea, na hana zile pembe ndefu zilizowafanya wapagazi wa Unyamwezi watembee hadi pwani. Kisha wasogee watazame ngozi. Rembrandt hakuchora kila mkunjo. Aliisugua chaki mahali pengine, akaikaza mahali pengine, na uzito wote wa mnyama ukateremka kwenye miguu.

Samaki Wakubwa Hula Wadogo, alioutia saini Bruegel mwaka 1556 na ambao nao uko Albertina, hauhitaji utetezi mbele ya watu wanaosubiri migebuka na dagaa kutoka Kigoma kwa treni. Samaki mkubwa ajabu amelazwa ufukweni, mtu mmoja anampasua tumbo kwa kisu kikubwa kupita kiasi, na samaki wengine wanamwagika wakiwa na samaki vinywani mwao. Huu uoneshwe pamoja na chapa yake. Mchoro ulikuwa kielelezo cha mchonga bamba la shaba, Pieter van der Heyden, na Hieronymus Cock aliitoa chapa huko Antwerp mwaka 1557 ikiwa na jina la mchoraji mashuhuri Hieronymus Bosch, aliyekuwa amekwisha kufa tangu 1516. Jina la marehemu liliuza kuliko la kijana. Ukiziweka mbili hizo bega kwa bega, mgeni ataona mwenyewe kwamba kilichokuwa kushoto kimekwenda kulia, kwa kuwa bamba hugeuza picha linapogandamizwa kwenye karatasi. Hakuna maelezo marefu ya ufundi wa uchapaji yanayofundisha jambo hilo haraka kuliko jozi hii.

Mchoro mdogo kuliko yote uwe ule wa Rembrandt wa mtoto anayefundishwa kutembea, wa takriban 1656, ulioko British Museum mjini London. Ukubwa wake unakaribia ule wa kadi ya posta. Mama na dada wamemshika mtoto huku na huku, baba amechuchumaa mbele yake amenyoosha mikono, na nyuma mwanamke anapita na ndoo ya maziwa. Mistari ni michache, mingine imevutwa mara moja tu, nayo inatosha kuonesha nani ana hofu na nani ana uzoefu. Fundi wa kuchapa atakushauri aukuze ili uonekane. Usikubali, mgeni akilazimika kuinama na kusogeza uso, ndivyo ulivyokusudiwa kutazamwa, mkononi mwa mtu na si ukutani.

Kwa ufundi mtupu wa kalamu, mchukue Hendrick Goltzius wa Haarlem, na mchoro wake wa mkono wa kulia wa mwaka 1588 uliomo katika jumba la Teylers mjini humo. Aliungua motoni akiwa mtoto mchanga na vidole vyake vikabaki vimekunjamana, lakini kwa mkono uleule akawa mchongaji wa chapa aliyesifiwa Ulaya nzima. Mistari inavimba na kusinyaa kama iliyochongwa kwenye shaba, ingawa yote ni wino. Mwambie mgeni aufuate mstari mmoja tu, tangu kifundoni hadi ncha ya kidole.

Nafasi zilizobaki zijazwe kwa upana. Rubens anaweza kuwakilishwa na mtu aliyevaa mavazi ya Kikorea, wa takriban 1617, ulioko katika jumba la Getty, wenye chaki nyeusi mwili mzima na nyekundu kidogo tu usoni. Rembrandt alichora pia, kati ya 1656 na 1661 hivi, nakala za picha ndogo za watawala wa Kimughali wa India. Getty na jumba la Cleveland kila moja lina mmoja wenye sura ya Shah Jahan, na wageni Waislamu wa Tabora watavutiwa kuona kilemba na upanga vilivyochunguzwa kwa heshima namna hiyo huko Amsterdam. Jan van Goyen analeta mashamba, mitumbwi na anga kwa chaki nyeusi. Hendrick Avercamp, aliyekuwa bubu na kuishi Kampen, analeta watu wanaoteleza juu ya mto ulioganda, na hapo maelezo yaseme wazi kwamba yale ni maji. Roelandt Savery naye ana wakulima aliowachora huku akiandika rangi za nguo zao pembeni. Michoro hiyo ilidhaniwa kuwa ya Bruegel hadi takriban 1970, nayo ni funzo zuri kwamba jina lililo chini ya mchoro linaweza kubadilika baada ya karne tatu na nusu.

Miili uchi ilikuwa sehemu ya mafunzo ya wachoraji hawa, na kwa watu wazima sioni sababu ya kuificha. Hata hivyo maonesho yatakayopokea wanafunzi wa shule za msingi hayapungukiwi kitu yakiiacha, na mpangaji ataepushwa na mabishano yanayomeza siku nzima ya ufunguzi.

Kupata picha na kuzichapa

Wachoraji wote waliotajwa wamekufa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, hivyo haki za michoro yenyewe zimekwisha. Kinachobaki ni masharti ya jumba kuhusu picha liliyoipiga. Rijksmuseum ya Amsterdam, National Gallery of Art ya Washington, Getty tangu 2013, Metropolitan tangu 2017 na Cleveland tangu 2019 zinatoa picha kubwa za kazi zilizokwisha haki bila malipo na bila kuomba kibali. British Museum hutoa picha zake kwa matumizi yasiyo ya biashara na kwa sharti la kulitaja jumba, kwa hiyo ukipanga kutoza kiingilio, hali inabadilika. Nashauri maonesho yawe bure, na gharama zitafutwe kwa wafadhili wa hapahapa. Michoro ya Vienna, Berlin na Haarlem iliyotajwa itafutwe kwanza kwenye tovuti za majumba yenyewe, kisha Wikimedia Commons, ukisoma masharti ya kila picha kabla ya kuipakua.

Hapa ndipo maonesho mengi huharibikia, kwa hiyo inafaa kwenda taratibu. Ili picha ijae A4 bila kufifia, iwe na pikseli zisizopungua 2480 kwa 3508. Michoro mingi ya aina hii, kwa bahati nzuri, ni ya ukubwa wa A4 au inazidi kidogo, na karatasi ya A3 huutosha karibu kila mmoja pamoja na ukingo mweupe wa kushikia. Faili zipelekwe kwenye duka la steshenari kwa flashi. Ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida zitabanwa, na mistari ya Goltzius itageuka ukungu. Dukani mweleze fundi mambo manne, na ikiwezekana usimame naye mbele ya kompyuta. Kwanza, achape kwa rangi hata kama mchoro unaonekana wa rangi moja, kwa sababu karatasi ya kale ina umanjano, madoa na buluu zake, na wino wa kahawia ukichapwa kwa nyeusi hufa. Pili, asiruhusu programu irekebishe mwanga yenyewe. Programu hizo huiona karatasi ya kahawia kuwa kosa na kuifanya nyeupe pe. Tatu, achague ukubwa halisi, asichague kujaza ukurasa. Nne, atumie karatasi nzito isiyong'aa, ya gramu 160 hadi 200 kama ipo.

Chapa moja ya majaribio, uipime kwa rula ukilinganisha na vipimo vilivyoandikwa na jumba. Ikilingana, endelea na nyingine. Fundi akikutolea wazo la kuzipitisha zote kwenye laminesheni ili zidumu, mshukuru na ukatae: plastiki hiyo inarudisha mwanga wa dirishani machoni mwa mtazamaji, na mchoro wa chaki uliofunikwa hivyo hauonekani tena kuwa wa chaki.

Kutundika

Kila nakala iwekewe dirisha la karatasi ya manila nyeupe au ya rangi ya maziwa, yaani karatasi iliyokatwa tundu katikati ili mchoro uonekane, lenye ukingo wa sentimita 6 hivi juu na pembeni, na 7 chini. Nakala ishikizwe nyuma kwa vipande viwili vya karatasi vilivyopakwa gundi, upande wa juu tu, ili iweze kutanuka na kusinyaa hewa inapobadilika. Ikigandishwa pembe zote nne itajikunja kabla ya mwisho wa wiki. Fremu za mninga ni nzuri na fundi seremala wa Tabora anazijua, ila bei yake itameza bajeti, na kwa maonesho ya wiki mbili mbao nyembamba za msonobari zisizopakwa rangi zinatosha. Kioo si lazima. Vumbi likitua, lifutwe kwa brashi laini, si kwa kitambaa chenye maji.

Katikati ya kila mchoro pawe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Wageni wakiwa wengi wao ni watoto wa msingi, shusha hadi 120. Acha nafasi ya kutosha kati ya mchoro na mchoro ili watu wawili wasimame bila kugusana mabega. Usitundike ukutani panapopigwa na jua la asubuhi au la alasiri kupitia madirisha ya mashariki na magharibi, maana wino wa mashine nao hupauka, na mng'ao humfanya mgeni aone kivuli chake mwenyewe. Umeme usitegemewe kama mwanga mkuu. Chagua kumbi zenye madirisha mengi, na panga saa za kutazama kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni.

Kuhusu mahali, ukumbi wa shule au wa chuo ndani ya mji unafikika kwa miguu, nao unashinda jengo la kihistoria lililo mbali. Tembe la Kwihara alikokaa Livingstone linavutia, lakini wanafunzi watahitaji gari, na kuta zake zina hadithi yake. Wakati mzuri ni kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Mvua za Novemba hadi Aprili huleta unyevu unaokunja karatasi na mchwa wanaozipenda.

Maelezo ya ukutani

Yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka umbali wa hatua moja, na yawe mafupi. Mfano: "Pieter Bruegel Mkubwa (alifariki 1569). Warina Asali. Takriban 1568. Kalamu na wino wa kahawia juu ya karatasi, takriban sm 20 kwa 31. Mchoro wa asili uko Kupferstichkabinett, Berlin. Hii ni nakala ya ukubwa halisi." Chini ya mistari hiyo iwekwe aya moja isiyozidi maneno 60, inayomwelekeza mtu mahali pa kutazama, wala si sifa za mchoraji. Sentensi kama "bingwa huyu alikuwa mahiri sana" haimsaidii mtu yeyote. Neno "takriban" lisiondolewe kwa kuogopa kuonekana hujui. Michoro mingi haina tarehe, na miaka yake imekadiriwa kwa karatasi, mtindo na matukio.

Meza ya vifaa

Kama nafasi na fedha vinaruhusu jambo moja tu la ziada, liwe hili. Weka meza katikati ya ukumbi yenye vifaa ambavyo michoro hii ilichorwa navyo, au ndugu zake wa karibu, kwa kuwa karibu vyote vinapatikana Tabora. Chaki nyekundu ya Rembrandt na Rubens ni udongo wenye madini ya chuma, jamaa ya ngeu ambayo maseremala wa zamani walipigia mistari yao. Kalamu zao zilikuwa za manyoya ya bata bukini, na Rembrandt katika miaka ya 1650 alipenda pia kalamu ya tete, ileile inayojulikana na wazee waliosoma vyuo vya Kurani kwa mbao na wino.

Kuchonga kalamu ya tete, chukua tete kavu lenye unene wa penseli, likate kwa mshazari wa sentimita tatu hivi, ondoa nyama laini ya ndani, punguza pande zote mbili hadi ibaki ncha ya milimita tatu, uipasue katikati kwa wembe kiasi cha sentimita moja, kisha uikate ncha iwe bapa. Unyoya huchongwa vivyo hivyo, na wa bata mzinga unafaa kama wa bukini haupatikani. Wageni wakijaribu zote mbili wataona mara moja tofauti: unyoya hunyumbuka na kutoa mstari mwembamba unaopanuka ukikandamizwa, ilhali tete ni gumu, huishiwa wino haraka, na mstari wake huanza mzito na kuishia mkavu, kama ile ya mchoro wa mtoto anayefundishwa kutembea.

Wino wa kahawia unaotokana na masizi ya kuni hutengenezwa jikoni. Kwangua masizi yanayong'aa na kunata yaliyoganda juu ya jiko la kuni, si unga mweusi wa mkaa, kwa sababu mkaa hutoa kijivu. Yapondwe, yachemshwe polepole katika maji kidogo mpaka maji yawe meusi kabisa, yachujwe kwa kitambaa mara mbili, kisha yatiwe gundi ya mgunga iliyoyeyushwa, kiasi kidogo, ili wino ushike karatasi. Ukichanganywa na maji mengi na kupakwa kwa brashi hutoa vivuli vyepesi vya dhahabu. Wino mwingine uliotumika sana ulitengenezwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na gundi. Huanza mweusi, baadaye hugeuka kahawia, na ulipokolea mno hula karatasi hadi mistari kutoboka. Huu usihangaike kuutengeneza. Tafuta badala yake picha iliyokuzwa ya mchoro ulioliwa hivyo, uiweke mezani kama kielelezo, na hapo mgeni ataelewa kwa nini mchoro wa asili haukusafirishwa.

Meza hiyo iwe na msimamizi mmoja muda wote, kitambaa cha kufutia mikono, na karatasi za kahawia za kufungia zilizokatwa vipande. Wanaojaribu wasipewe mchoro wa kunakili. Waambiwe wachore mkono wao wenyewe, au mzinga ulioko sakafuni, kisha warudi kumtazama Goltzius au Bruegel.

Siku ya kuteremsha, kila nakala iachwe ndani ya dirisha lake la manila, ipangwe bapa kwenye boksi na karatasi safi kati ya moja na nyingine, na boksi liwekwe juu ya kabati la chuma, mbali na ukuta na sakafu ambako mchwa huanzia. Nyuma ya kila nakala andika kwa penseli vipimo vya mchoro, jina la jumba, namba yake ya hifadhi na mahali faili ilipopakuliwa, ili shule itakayoyaazima maonesho haya mwakani, iwe ya Nzega, Urambo au Kigoma, ichape upya ile iliyochakaa tu bila kuanza kupima na kutafuta tena.